Deni Hutangulia Mirathi

Je, anayesalia ndiye aliyestahili kusalia? Swali hili ni kongwe, na kila zama hulijibu kwa lugha yake. Wahenga walinena, "Mwenye nguvu mpishe," wakaishia hapo. Hawakusema kwamba mwenye nguvu ana haki. Walitahadharisha tu kwamba anayemzuia ataumia. Vizazi vya baadaye vikayatia maneno hayo katika kinywa cha sayansi, vikadai kuwa maumbile yenyewe yamekwisha kupitisha hukumu: aliyebaki ni bora, aliyeondoka alikuwa hafifu. Dai hilo husikika katika biashara na katika siasa, na husikika pia barazani, watu wanapomzungumza mtoto wa jirani ambaye haupiti mwezi asilazwe hospitali.

Charles Darwin alipokichapisha kitabu chake juu ya asili ya spishi mwaka 1859, hakuyatumia maneno mashuhuri ya kusalia kwa anayefaa zaidi. Maneno hayo yalitungwa na Herbert Spencer mwaka 1864, na Darwin akayaingiza katika toleo la tano la mwaka 1869. Hata hivyo neno lenye uzito humo ni "kufaa". Ufunguo hausifiwi kwa kufaa bila kutajwa kufuli, na kiumbe kadhalika hakiitwi chenye kufaa bila kutajwa mahali, wakati na adui. Kufuli likibadilishwa, ufunguo uliothaminiwa jana huwa kipande cha chuma.

Ushahidi wa jambo hili msomaji hana haja ya kuutafuta mbali, kwani umo katika damu ya watu wa Temeke na Kinondoni. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini, hupenya katika mishipa myembamba kama maji. Kwa baadhi ya watu, herufi moja tu imebadilika katika maandishi ya jeni inayotengeneza himoglobini. Aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, chembe zake hujikunja mfano wa mundu, zikakwama mishipani na kufa kabla ya wakati. Ndipo yakaja maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, maambukizo, na kwa wengine kiharusi. Kiswahili kimeupa ugonjwa huu jina lenye picha kamili: selimundu.

Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu aghalabu haugui, na tena ana kinga. Anthony Allison, mganga aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alipima damu za jamii mbalimbali za Kenya mwaka 1949, akaona kwamba wabebaji wa jeni hii ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, ilhali ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: jeni hii imedumu pale ilipo malaria, kwa sababu humkinga anayeibeba. Uchunguzi uliofanywa Kilifi nusu karne baadaye ulionyesha kuwa mtoto mwenye jeni moja hupunguziwa hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Basi na aulizwe anayehubiri ubora: jeni hii ni bora au ni mbovu? Katika bonde la Rufiji, kabla ya chandarua na dawa, ilikuwa ngao. Katika miteremko ya juu ya Kilimanjaro, ambako mbu wa malaria walikuwa adimu, haikuwa na faida yoyote. Leo mjukuu wa Rufiji na mjukuu wa Kilimanjaro wamepanga nyumba moja Mbagala, wanateka maji kwenye bomba moja, na damu zao zimebeba historia za maeneo mawili tofauti. Hakuna kati yao aliyemshinda mwenziwe. Kila mmoja amerithi jibu la swali ambalo mahali pa wazee wake paliuliza.

Ila jibu la Rufiji lina gharama, na gharama hiyo haimwangukii aliyefaidi. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo moja ya kuzaa mtoto mwenye selimundu. Kati ya mwaka 2015 na 2016, watoto wachanga 3,981 walipimwa katika hospitali za Muhimbili na Temeke. Waliobeba jeni moja walikuwa 505, na wenye ugonjwa walikuwa 31. Kwa Tanzania nzima hukadiriwa kuwa watoto wasiopungua 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na pasipo matibabu zaidi ya nusu ya watoto wa namna hii barani Afrika hawafikii umri wa miaka mitano. Wengi wakakingwa, wachache wakalipa. Na waliolipa hawakuulizwa.

Hapa ndipo maadili yanapoanza, kwa kuwa hesabu hiyo maumbile hayaioni kuwa na kasoro. Uteuzi wa asili hauna huruma wala ukatili. Haumpendelei hata mwanadamu mbele ya kimelea: nguvu ileile iliyoieneza ngao katika damu ya watu ilivieneza pia vimelea vilivyohimili klorokwini, hata Tanzania ikalazimika mwaka 2001 kuacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Anayetaka kujifunza haki kwa nguvu hiyo amekwenda kuuliza njia kwa mto. Mto hujua kuteremka, haujui msafiri anakwenda wapi.

Watu hukosea kwa namna tatu wanapokabiliwa na jambo hili. Wa kwanza husema mtoto huyo hakuandikiwa kuishi, akaiita ajali ya urithi hukumu. Wa pili hutafuta mkosaji, na katika vichochoro vya mji mkosaji huyo aghalabu ni mama: huambiwa ana mkosi, au ukoo wake una jambo, ilhali mtoto hawezi kuupata ugonjwa huu bila ya sehemu ya baba. Wa tatu ni msomi. Linus Pauling, aliyeshiriki mwaka 1949 kuonyesha kwamba selimundu hutokana na himoglobini iliyobadilika, alipendekeza mwaka 1968 kwamba kila kijana aliyebeba jeni hiyo achanjwe alama katika paji la uso, ili wabebaji wawili wasije wakapendana. Nia yake ilikuwa kuzuia mateso. Lakini alikuwa tayari kuitia aibu ngao iliyowaokoa wazazi, na kumfanya mtu ajulikane kwa jeni yake kabla ya jina lake. Kupima damu kabla ya ndoa ni elimu, na elimu humwachia mtu uamuzi wake. Alama ya paji la uso humnyang'anya.

Njia ya nne inafahamika sana kwa watu wa mwambao. Katika sheria ya mirathi, mali ya marehemu haigawanywi mpaka yamelipwa madeni yake. Mrithi hawezi kuchukua shamba la minazi akamwambia mdai, "Hilo ni lake yeye aliyekufa." Deni hutangulia mgawo. Yupo atakayepinga kwamba hapa hapana mkataba, wala mtoto mgonjwa hakumkopesha mtu. Ni kweli, hakufa kwa ajili ya mwengine, na kumwita kafara ni kumwongezea dhuluma kwa lugha tamu. Lakini mamia ya vizazi vilivyoivuka malaria kwa msaada wa jeni hii viliacha urithi mmoja wenye pande mbili, uhai wa wengi na maradhi ya wachache. Anayeupokea upande wa kwanza na kuukana wa pili anafanya kile ambacho kadhi yeyote angekikataa.

Malipo ya deni hilo si ndoto. Tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga hutosha kuutambua ugonjwa mapema. Penisilini ya kila siku hadi umri wa miaka mitano huzuia maambukizo yanayoua, na dawa ya haidroksiurea hupunguza maumivu na vifo. Tangu mwaka 2004 Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia maelfu ya wagonjwa, na waliodhaniwa hawatavuka utoto wamefika chuo na kuwa na watoto wao. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayorekebisha jeni ndani ya chembe za mgonjwa mwenyewe. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja.

Tarakimu hiyo inastahili kutazamwa kwa muda. Kwa maelfu ya miaka chekecheo ilikuwa malaria. Sasa chekecheo inaweza kuwa mfuko wa fedha, na watakaopenya wataambiwa tena kwamba walistahili. Tofauti ni kwamba chekecheo ya kwanza haikushikwa na mkono wa mtu, na kwa hiyo haikuwa na wa kulaumiwa. Ya pili ina mikono, ina bajeti na ina saini.

Wahenga hao hao walisema pia, "Hujafa hujaumbika." Kwa desturi husemwa kumwonya anayecheka kilema cha mwenziwe, ajue kwamba naye hajamaliza kuumbwa. Jamii nayo haijamaliza. Kipimo chake hakimo katika jeni zilizosalia ndani yake. Kimo katika kituo cha afya cha Mbagala au Tandale usiku wa manane, mama anapofika na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, ikaonekana kama yupo wa kumpokea na dawa ya kumpa.