Mbuzi wa Shosh

Mimi ni mtoto wa Huruma, na niko mwaka wa mwisho wa udaktari wa wanyama kule Kabete. Ukitaja wanyama pori mtaani kwetu, watu wanawaza simba wa Maasai Mara. Mwalimu wetu alituvunjia hiyo picha siku ya kwanza. Alituonyesha panya, popo, na yale makorongo yenye upara yanayokaa juu ya miti pale Nyayo Stadium kama makarani wastaafu. Hawa ndio majirani zenu, akasema.

Hakuwa anatania. Mwaka 2019 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanywa humu Nairobi, kwa familia 99. Watafiti walichukua sampuli za watu, mifugo na wanyama pori, wakitafuta bakteria sugu kwa dawa. Wanyama pori walikuwa na usugu mdogo kuliko sisi na mifugo yetu. Sisi tunaolaumu panya kwa kila kitu, tuone haya kidogo.

Lakini kinachoninyima usingizi si panya. Ni Shosh, jirani yetu mwenye mbuzi watatu kando ya Mto Mathare. Alinikuta nasoma kuhusu bruselosi, nikamweleza.

"Sasa daktari wangu, ukiwapima uwapate na hiyo kitu, nifanye nini?"

Nikampa jibu la kitabu: maziwa yachemshwe, na mbuzi mgonjwa kwa kawaida hatibiwi, anatolewa kundini.

"Na nani ananilipa?"

Nikanyamaza. Sote tulijua soko la mbuzi la Kiamaiko liko hapo tu, mwendo wa miguu. Mbuzi akifika huko asubuhi, jioni ni pesa, na atakayeshika damu yake ni kijana fulani asiye na glavu.

Darasani tunafundishwa ridhaa: mwenye mnyama aelezwe, akubali, aweke sahihi. Sawa. Lakini anakubali nini hasa, kama jibu litamwachia mzigo peke yake? Ukimwambia, unamsukuma auze ugonjwa. Usipomwambia, wajukuu wanaendelea kunywa mala ya maziwa mabichi, na wewe unajua.

Mimi nasema aambiwe, tena kabla makala haijaandikwa. Ila basi bajeti ya utafiti iwe na bei ya mbuzi, jinsi ilivyo na bei ya glavu na mafuta ya gari. Rafiki yangu wa darasani anasema huko ni kununua watu, kwamba maskini atakubali chochote akisikia kuna doo. Manze, hoja yake inaniuma, kwa sababu ni ya kweli. Lakini mtafiti naye anapata shahada kwa damu ya mbuzi huyo huyo, na hatujawahi kusema amenunuliwa.

Jumamosi Shosh alinisimamisha kwenye ngazi. Alikuwa amefikiria.

"Kuja upime mmoja kwanza. Huyo mzee."

Bado sijamjibu.