Maziwe Kilikuwa Kisiwa

Wajukuu zangu, sogeeni. Mwenye simu aiweke chini kidogo, nina neno.

Mkisimama Ushongo, kusini ya Pangani, maji yakiwa yamekupwa mtaona fungu la mchanga huko mbele. Watalii hupelekwa kwa mashua kupunga upepo. Lile ndilo Maziwe. Kilikuwa kisiwa, wanangu, kisiwa chenye mivinje mirefu, na kasa walipanda kutaga pale kwa wingi kuliko mahali pengine popote Tanzania.

Mivinje ikakatwa. Miaka ya 1970 ilipokwisha, hapakuwa na mti hata mmoja. Wimbi likaanza kula mchanga, na leo maji ya bamvua yakijaa kisiwa hakionekani. Wapo wasemao ni bahari tu imepanda, wengine wasema ni mashoka. Mimi nasema bahari ilikuta mlango umeachwa wazi. Aliyeuza mzizi asiulize fungu limekwenda wapi.

Na kasa, masikini, hawana habari. Bado wanapanda kutaga palepale. Walinzi huwahi kufukua mayai na kuyazika upya Ushongo, maana wakichelewa, maji ya bamvua yanayafunika yakaozea mchangani. Mnyama anarudi kwao na kwao hakupo. Nawasihi, lifikirieni hilo mkiwa mmelala usiku.

Bahari inazidi kupanda. Dunia imepata joto, barafu za mbali zinayeyuka, na maji yenyewe yakipata joto hutanuka. Mjini Pangani Serikali imelazimika kujenga ukuta kuzuia mawimbi. Huku kwenye Mto Pangani maji ya chumvi yanapanda kwenda juu hadi mashambani. Mnazi ukinywa chumvi haupigi kelele. Makuti yanapukutika, shina linabaki limesimama bure. Kisima nacho mtakionja siku moja mteme.

Nawasihi tena, wanangu. Mikoko ya mlangoni mwa mto iacheni, mchu na mkandaa, hata kama kuni zake zinawaka vizuri na tanuri la chokaa linazidai. Mchanga wa matofali msichote ufukweni. Najua mna njaa ya kujenga, na kujenga ni haki yenu, lakini jengeni mahali patakapokuwepo.

Akiwajia mtu na hela ya boriti, muulizeni kwanza kwake ni wapi. Mara nyingi mtakuta hakai pwani.