Chungu Kimoja, Kaya Mbili

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 nyumbani kwetu tulilala watu saba. Hesabu hiyo niliiandaa mwenyewe, mimi ninayeitwa mkuu wa kaya, nikaihifadhi kama mtu ahifadhivyo beti zake kabla ya kusimama mbele ya watu: mimi na mke wangu, watoto watatu, mjukuu mmoja, na mama yangu mdogo anayekaa katika chumba cha uani. Karani wa sensa alipoinuka kwenda zake tulikuwa sita, na pale uani pamezaliwa kaya nyingine, ya mtu mmoja.

Karani hakukosea. Alikuwa binti mpole, kishikwambi mapajani, na alitufafanulia kama alivyofundishwa kwamba kaya si watu wa damu moja, bali ni wale wanaoishi pamoja na kula pamoja. Kisha akamgeukia mama mdogo. “Shikamoo bibi. Chakula chako kinapikwa pamoja na cha hawa?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Seredani yangu ile pale. Najipikia.”

Nilitaka kumkatiza, mke wangu akanitazama, nikanyamaza.

Hasira zangu zilidumu siku kadhaa, na kwa kuwa ni mtu wa kalamu, nilizitafutia hoja. Hoja hazikosekani. Mwanamume mwenye wake wawili huandikwa alikolala usiku ule, na nyumba ya pili ikaandikwa bila yeye, ingawa zamu yake ya kesho iko huko. Mvuvi aliye dago huhesabiwa ufukweni na wenziwe, ilhali mkewe na wanawe wanamngoja kijijini. Mtoto wa Pemba aliyeletwa mjini kusoma huingia katika kaya ya shangazi yake kana kwamba hakuacha mama nyuma. Hata neno lenyewe nililishitaki: kwa ndugu zetu Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ambao misitu yao ya kaya imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008, kaya ilikuwa maskani ya watu wengi ndani ya msitu. Sisi tumelichukua tukamvika ajuza mmoja na seredani yake.

Basi nikafungua vitabu, nikitaraji vinitetee. Mwaka 1972 Mwingereza Peter Laslett na wenzake walitoa kitabu kikubwa juu ya kaya za zama zilizopita. Waliziainisha kwa mafungu ambayo wachoraji wa ramani za jamii wangali wakiyafuata: mtu mmoja pekee, watu wasio na ndoa baina yao, wazazi na watoto, kaya zilizoongezwa jamaa, na kaya zenye ndoa zaidi ya moja. Walionyesha kwamba Waingereza wa karne zilizopita, waliodhaniwa kuishi katika nyumba kubwa za ukoo mzima, aghalabu waliishi wachache wachache, wastani wa watu wasiotimia watano. Mwaka huo huo Lutz Berkner, akichunguza wakulima wa Austria wa karne ya 18, alisema sensa ni picha ya siku moja tu. Mrithi kijana huishi na wazazi wake. Wazazi wakifa, kaya ile ile huonekana ya mume, mke na watoto, na hali hakuna aliyebadili mila.

Nilifurahi, mpaka nilipofika mahali alipoeleza kwamba wazee wa huko, walipomkabidhi mtoto shamba, waliweka mkataba: chumba chao, chakula chao, kwa maandishi. Nikajiuliza watu hao walikuwa na mapenzi gani hata wahitaji karatasi. Swali lililofuata lilinichoma: je, mama mdogo ana nini kwangu, akitoa neno langu kwamba sisi ni wamoja?

Kila adhuhuri bakuli lake hutoka jikoni kwetu limefunikwa kawa, na halirudi tupu. Hurudi na ndimu, boribo, au vipande viwili vya muhogo. Miaka tisa nimeliita jambo hilo adabu. Sikuwahi kuuliza usiku anakula nini, wala kwa nini bakuli liende kwake badala ya yeye kuja mkekani.

Hutajwa kwamba neno familia, tuliloliazima kwa wageni, asili yake ni Kilatini, na Warumi walilitumia kwa wote waliokuwa chini ya mkono wa bwana wa nyumba, watumwa wakiwa ndani yake. Nadhani ndivyo nilivyomhesabu mama mdogo. Nilimtia katika saba zangu kama mtu anayejaza kina cha shairi, bila kumuuliza kama anaingia. Sensa ile ilihesabu watu 1,889,773 katika visiwa vyetu, na ilibidi aje mtu mgeni kabisa ili mmoja wao aulizwe jikoni kwake pakoje.

Nikaenda uani. Nilimkuta akipepea makaa.

“Mama, unajipikia kwa kupenda, au hatukukualika?”

Aliendelea kupepea. “Miaka tisa hukuuliza. Leo umetumwa na serikali?”

Nikacheka, yeye hakucheka. Akasema: “Marehemu alipofariki nilikuja kwenu na sufuria mbili. Nikila mkekani kwenu kila siku, nitakuwa mtu wa kwenu. Hapa nina kwangu, na wewe ukija ni mgeni wangu. Lakini Ijumaa mngeweza kuniita.”

Sasa Ijumaa tunamwita. Huja na sufuria yake, akaiweka katikati ya mkeka kabla ya yetu, na mjukuu huanza kwa hiyo. Siku nyingine bakuli huenda na kurudi kama zamani. Sensa nyingine, kwa desturi ya miaka kumi, itaangukia 2032. Mungu akituweka hai, nimeshamwambia mke wangu, wa uani atajibiwa na mwenye uani.