Yakobo Aliagiza Mazishi Yake Akiwa Ugenini



Somo letu la mwezi huu linatoka Mwanzo 47:28-31, 49:29-33 na 50:24-26. Lisomeni nyumbani pamoja na watoto, maana ni habari ya familia iliyokimbia njaa ikaingia nchi ya wengine, kama sisi tulivyokimbia vita.

Yakobo alikaa Misri miaka 17. Alipoona siku zake zinakaribia kwisha, hakungoja watoto wabahatishe. Alimwita Yusufu akamwapisha kwamba asimzike Misri. Halafu, angalieni jambo hili, katika sura ya 49 akawaita wana wote 12, akarudia agizo lile lile kwa mapana zaidi: pango gani, shamba gani, nani alilinunua kwa nani, na nani wamekwisha kulala humo. Kwa nini arudie, na Yusufu amekwisha kuapa? Nafikiri mzee aliwajua watoto wake. Kati yao walikuwamo waliomuuza ndugu yao. Agizo likijulikana na mmoja tu, wengine watasema amelitunga.

Ndiyo tunayoyaona katika matanga ya hapa makazini. Mwili haujatoka nyumbani, upande wa baba wanataka hivi, upande wa mama wanataka vile. Mmoja anasema tungoje ndugu atoke Kampala, mwingine anasema marehemu arudishwe Kongo. Mjane amekaa kwenye mkeka hana la kujibu, maana mume wake hakuacha neno. Mwishowe sanduku linanunuliwa kwa deni, chakula cha waombolezaji kwa deni, na wiki mbili baadaye watu wamekwenda zao, deni limebaki na mama. Tangu WFP ilipowaondoa wakimbizi wapatao milioni 1 kwenye mgao hapa Uganda mwaka 2025, deni la namna hiyo linalaza watoto njaa.

Wako watakaosema: Mchungaji, kutaja kifo ni kukiita. Nawaheshimu wazee wanaosema hivyo. Lakini Yakobo alikitaja, na baada ya hapo akapata nafasi ya kuwabariki wajukuu, kisha wanawe mmoja mmoja. Naye Bwana wetu msalabani, katikati ya maumivu, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda (Yohana 19:26-27). Hakuona haya kupanga nani atamtunza mama.

Swali gumu ni mahali. Yakobo alipelekwa Kanaani kwa ruhusa ya Farao, na magari na wapanda farasi wakamsindikiza. Nani kati yetu ana magari ya Farao? Goma ilitekwa Januari 2025, Bukavu Februari 2025. Hata mwenye fedha hana hakika kama mwili utafika. Mimi sipendi kuona familia inauza mbuzi na mabati ili kumpeleka marehemu mahali ambapo walio hai wenyewe hawathubutu kwenda.

Hapo ndipo Yusufu anatufaa kuliko baba yake. Alikuwa mkubwa katika Misri, angeweza kuagiza apelekwe siku ile ile. Yeye aliwaapisha ndugu zake kwamba Mungu atakapowatoa huko, waichukue mifupa yake. Basi akawekwa katika sanduku, Misri. Musa ndiye aliyeibeba (Kutoka 13:19), ikazikwa Shekemu (Yoshua 24:32). Na Waebrania 11:22 inalihesabu agizo hilo kuwa tendo la imani! Kwa hiyo, mpendwa, mtu aweza kuzikwa hapa Nakivale asiwe amelaaniwa wala amesahauliwa. Aandike tu jina la kijiji chake, mlima, mto ulio karibu, na jina la ukoo, ili siku watoto watakaporudi wajue wanarudi wapi.

Tena yuko Raheli. Alifia njiani, akazikwa njiani, Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi akaendelea na safari (Mwanzo 35:19-20). Miaka mingi ikapita. Mzee yuko kitandani anakaribia kufa, anamsimulia Yusufu kaburi lile la barabarani (48:7). Halikumtoka moyoni. Wengi wetu tunao Raheli wetu: mtoto aliyefunikwa kwa udongo kidogo tukakimbia, baba aliyebaki bila kaburi. Andika majina yao pia katika karatasi yako, na mahali, na mwaka. Watoto waliozaliwa hapa hawana pengine pa kuyapata, na siku ya ukumbusho wako yatasomwa pamoja na la kwako.

Mengine ni mambo ya nyumba. Sema kama sanduku la mbao za kawaida litakutosha. Sema matanga siku ngapi, na kama chai inatosha sema chai inatosha, maana neno la marehemu ndilo litakalonyamazisha wale wanaodai nyama. Andika madeni yako na wanaokudai. Andika nyumba na vyombo ni vya mke na watoto, kwa sababu ndugu wengine hufika kwenye kilio wakiwa wameleta gunia tupu. Andika nani atawalea watoto, lakini muulize kwanza yeye mwenyewe. Onyesha karatasi ya familia ya ukimbizi inawekwa wapi. Na uagize kifo chako kiandikishwe NIRA, hati ipatikane. Mjane akiitwa kwenye mahojiano ataulizwa baba wa watoto yuko wapi, na machozi peke yake hayakubaliwi kuwa hati.

Weka mashahidi 2 wasio warithi, nao watie sahihi au dole gumba.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada, wazee wa kanisa watabaki wakiwa na kalamu na karatasi. Asiyejua kuandika atasaidiwa, na siri yake itatunzwa. Tutaandika nakala 2, moja utakwenda nayo nyumbani, moja itafungiwa katika kabati la kanisa. Tutaanza na wajane, na vijana wanaolea wadogo zao bila wazazi.