Deni la Kesho

Katika lugha za Skandinavia kimo kitenzi kifupi kisichokauka vinywani: skal kwa Wanorwei na Wadenmaki, ska kwa Waswidi. Leo atamkaye hueleza tu kwamba atakuja, atalipa, atasema. Lakini asili yake ni kuwiwa. Hapo kale, aliyekitumia alikiri kwamba ana deni. Mzizi huo huo umezaa neno skuld la Kiswidi, ambalo hadi leo lina maana mbili: deni la fedha na hatia ya mtu. Na katika ngano za kale za watu hao, mmoja wa wanawake watatu wenye kupanga majaaliwa huitwa Skuld.

Kiswahili kilishika njia nyengine. Kiambishi -ta- cha wakati ujao hurejeshwa na wanaisimu kwenye kitenzi taka, nacho bado kimesimama kizima katika "atakayekuja". Kule kesho ni deni. Huku kesho ni matakwa.

Ipi iliyo bora? Matakwa hugeuka: aliyeahidi kwa kutaka tu, siku asipotaka hana kimfungacho. Deni tupu nalo ni baridi: mgonjwa azuriwaye kwa wajibu mtupu humwona mgeni wake akihesabu saa.

Pale sarufi ya Waswahili ilipoacha pengo, methali yao imeziba: ahadi ni deni. Basi muungwana huanza kwa kutaka, na akishatamka, huwiwa. Hiari yake ni kabla ya neno. Baada ya neno, ni kulipa.