Chemchemi ni ya Nani?

Mwezi wa Septemba, mvua zikiwa hazijafika, kijani katika nyanda za Kibondo na Kasulu huonekana mabondeni tu. Hapo ndipo penye unyevu wa kuotesha maharage na mboga, na hapo hapo ndipo mama wa Kumsenga anapokinga ndoo yake. Je, mwenye shamba ana haki ya kulima mpaka ukingoni mwa chemchemi?

Zamani katika Buha mambo ya ardhi yalikuwa mikononi mwa wateko. Mteko ndiye aliyempa mgeni mahali pa kulima, na ndiye aliyefanya matambiko ya nchi. Wako wasemao kwamba mtu aliyeuacha mti wa bondeni kwa kuogopa mizimu hakuwa na wema wowote. Alikuwa na hofu tu. Mimi sikubaliani nao kabisa. Hofu ile ilimfuata mtu hata pale ambapo hapakuwa na jirani wa kumwona, jambo ambalo sheria zetu bado hazijaliweza. Upungufu wake ni kwamba ilifungamana na mahali. Operesheni ya mwaka 1972 ilipowahamishia watu wa Kigoma katika vijiji vipya, wengi walijikuta kando ya vijito visivyokuwa vya babu zao. Mizimu ya huko hawakuijua, wala yenyewe haikuwajua.

Leo tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Ni sheria njema. Mti wa ukingoni hushika udongo, na maji ya mvua huzama taratibu badala ya kuteremka na tope. Hata bomba halizai maji: mwaka 1971 Serikali ilikusudia kwamba katika miaka 20 kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi mita 400, na mwaka 1991 ulifika kabla ya lengo hilo kutimia.

Lakini mita 60 si sawa kwa watu wote. Kwa mwenye ekari nyingi si kitu. Kwa mjane mwenye kipande kimoja cha bondeni ni chakula cha miezi ya njaa. Wanaofaidika ni kijiji kizima, na wengine asiowajua kamwe, maana vijito hivi huingia Malagarasi na kuishia Ziwa Tanganyika. Kumwambia aache jembe kwa ajili yao ni haki. Kumwacha alipe peke yake gharama ya maji ya wote ni dhuluma, hata ikiwa imeandikwa kwa lugha ya sheria. Wanywaji wana deni kwake. Kijiji chenye ardhi ya akiba kianze kuwagawia wale wanaoondolewa bondeni, na kifanye hivyo kabla ya mvua za Novemba, si baada ya kung'oa maharage yao.