Kumjua Unayetaka Kumuua

Watu wasiowinda hudhani kwamba uwindaji huanza pale bunduki inapolia. Mlio wa bunduki ni jambo la kufumba na kufumbua, na aghalabu ndilo la mwisho. Kabla yake kuna siku nne, tano, hata kumi za kupanda na kushuka vilima bila silaha: kutazama nyayo, kupima upepo, kujua mnyama analala wapi, anakula wapi, na jua likichomoza anasimama wapi. Ni siku hizo ninazotaka tuzizungumze, msomaji, wala si risasi, kwa kuwa naamini swali zito la uwindaji limo humo. Mtu anapomchunguza kiumbe mpaka akazijua desturi zake kama anavyozijua za jirani yake, je, ujuzi huo unamwongezea haki ya kumuua, au unampunguzia?

Nitalijadili swali hili kwa mifano ya Gairo, kwa sababu ndiko nilikofundishwa kufuata nyayo. Abiria wa basi la Dodoma huijua Gairo kama mahali pa kunyoosha miguu na kufunga dirisha haraka kwa ajili ya upepo na vumbi. Hana habari kwamba milima ya Ukaguru, inayopanda zaidi ya mita 2,000, ina nyuso mbili. Huko juu, Mandege na Nongwe, kuna ukungu na misitu. Upande wetu wa chini umebaki kwenye kivuli cha mvua: vilima vya mawe, migunga, mibuyu, na makorongo ambayo kuanzia Juni hayana kitu ila mchanga. Mwindaji aliyezoea mbuga za wazi akija huku hujiona kipofu. Mawe ni mengi na kila jiwe lina kivuli cha kumficha mnyama.

Kwenye mawe hayo ndiko anakoishi mbuzi mawe. Ni mnyama mdogo, kilo kumi na kitu tu, rangi yake rangi ya mwamba wenyewe. Husimama juu ya ncha za kwato, na kwa ncha hizo hupanda mahali ambapo mtu angehitaji kamba. Manyoya yake ni magumu na yana uwazi ndani, kama vipande vya nyasi kavu. Maji hayamsumbui sana, kwa sababu mengi huyapata katika majani anayokula. Kwa hiyo hakuna faida ya kumwotea kisimani. Lakini yapo mambo matatu ambayo mpelelezi mvumilivu atayagundua. Kwanza, dume na jike huishi pamoja mwaka hadi mwaka, na hawaachani mbali. Pili, mmoja anapokula mwenzake husimama juu ya jiwe akilinda, na hatari ikitokea hupiga mluzi na mwenziwe huitikia. Tatu, wana eneo lao wasilolihama, na mipaka yake wameiweka kwa malundo ya mavi wanayoyarudia daima, na kwa matone meusi kama lami yanayotoka kwenye tezi chini ya jicho, ambayo huyapaka kwenye ncha za vijiti.

Hebu tuyafikirie mambo hayo. Kukaa na mwenzi mmoja, kumlinda anapokula, kutoliacha eneo lako: kama ni mwanadamu, tungemsifu kwa tabia njema. Na ni mambo hayo hayo yanayomwua. Mnyama asiye na makao hapelelezeki. Mwindaji hatumii udhaifu wa mbuzi mawe, bali anatumia uaminifu wake.

Ndiyo maana nimewahi kusikia ikisemwa kwamba upelelezi ni aina ya usaliti. Mimi sikubali. Msaliti ni yule aliyeaminiwa kwanza, na mbuzi mawe hajamwamini mwanadamu hata siku moja. Mlinzi aliyeko juu ya jiwe yupo pale kwa ajili ya mtu kama mimi na chui. Lakini kukana usaliti hakumalizi deni. Anayemjua mnyama hivyo hawezi tena kusema kwamba ameua "nyama". Ameua yule dume wa kilima kile, mwenye sikio lililochanika.

Kwa Wakaguru ukoo hufuatwa kwa mama, na mjomba ana neno kubwa katika malezi ya wapwa zake. Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, wakati ambapo Gairo ilikuwa bado tarafa ya Kilosa, miaka mingi kabla haijawa wilaya mwaka 2012. Alikuwa na gobole na leseni yake. Gobole hubeba shindilio moja la baruti na goroli. Ukikosa, mpaka ujaze tena mnyama yuko kilima cha pili. Kila mwaka kabla ya msimu alitundika kibuyu kibovu kwenye mgunga na kukipiga. Akiwa hatua 40 hakukosa. Akiwa hatua 60 mara alipata, mara alikosa. Basi hatua 40 zikawa sheria yake. Ingawa haikuandikwa popote, niliona aliiheshimu kuliko zile zilizoandikwa.

Kufika hatua 40 kutoka kwa mbuzi mawe ni kazi. Alibeba kifuko cha kitambaa chembamba chenye majivu, akikitikisa kila baada ya mwendo mfupi kuona majivu yanaelekea wapi. Upepo mkubwa wa kiangazi hutoka kusini-mashariki, lakini korongo lina upepo wake: alfajiri, ardhi ingali baridi, huteremka, jua likishapasha mawe, hupanda. Anayekuja kutoka chini wakati huo hupeleka harufu yake mbele kama barua. Kwa hiyo mtu hupanda usiku kwa njia ya nyuma, hukaa juu, husubiri hewa igeuke, ndipo ateremke. Hayo yote alinionyesha kwa siku sita, mikono mitupu. Nilipouliza kwa nini hatubebi gobole, ikiwa labda tutabahatika, alisema, "Mpwa wangu, ukibeba bunduki utaona nyama tu. Hutaona kitu kingine."

Siku ya saba alilibeba. Tulikaa juu ya wale wawili, jua likiwa limepanda kidogo, na dume akaja mpaka hatua ambazo nilizihesabu kuwa chini ya 40. Mjomba hakupiga. Jike alikuwa ametokea nyuma ya jiwe na kitoto nyuma yake, kidogo mno, na bila shaka kilikuwa kimefichwa siku zote tulizopeleleza. Kwa leseni yake dume lilikuwa halali. Nyumbani walikuwa wakingojea kitoweo na walikula mlenda. Alisema tu kwamba mlinzi akiondoka, jike hatakula kwa raha na maziwa yatapungua. Sijui kama wataalamu wangekubaliana naye. Ninachojua ni kwamba asingeweza kuwaza hivyo kama asingekuwa amewatazama siku sita.

Mwanafalsafa wa Hispania, José Ortega y Gasset, aliandika mwaka 1942 kwamba mwindaji wa kweli hujinyima sehemu ya uwezo wake ili mnyama apate nafasi ya kuponyoka. Ni wazo zuri, lakini limeandikwa na mtu aliyewafikiria wawindaji wenye bunduki nzuri. Mjomba hakujinyima bunduki kubwa, hakuwa nayo. Alichojinyima ni zile hatua 20 kati ya 40 na 60, na lile dume.

Uwindaji wa kitalii una sura nyingine. Mgeni hulipa fedha nyingi, hushuka katika ndege, na hukuta kazi ya siku nyingi imekwisha kufanywa na mfuata nyayo, kijana wa huku kwetu ambaye jina lake halitakuwamo kwenye picha. Mmoja amejua, mwingine anaua. Siwalaumu vijana hao, maana mshahara ni mshahara, na fedha hizo zimesaidia kulinda mapori ambayo yangekwisha kuwa mashamba. Ila nadhani kuna jambo limekatwa vipande viwili ambalo halikupaswa kukatwa. Mwenye ujuzi hana amri ya kusema "leo tusipige", na mwenye amri hana ujuzi wa kumfanya aseme hivyo.

Kwa muda mrefu nilidhani mtega waya ndiye aliye mbali zaidi na mjomba, kwa sababu waya haumjui unayemnasa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kama ile ya 1974 iliyotangulia, inaikataza mitego hiyo, na niliona sababu bila kufundishwa. Kisha mpwa wangu mmoja, ambaye kilima kile anakijua kama mimi, alininyamazisha. Nilimlaumu kwa kutega huko. Akanijibu, "Mjomba, nyinyi mlitazama, sisi tulikula." Alikuwa na watoto wanne na mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa magoti, sikuwa na jibu la upesi.

Nikamuuliza waya aliutega wapi. Akasema aliweka miwili karibu na lundo la mavi, kwa kuwa hawakosi kupita pale. Kumbe naye alikuwa amepeleleza, na vizuri. Alijua kila kitu ambacho mjomba wangu alikijua. Basi ujuzi peke yake hautenganishi mtu na mtu, na swali langu la mwanzo nililiuliza vibaya kidogo. Tofauti ni kwamba ujuzi wa mpwa wangu ulikoma jioni ile alipofunga kitanzi. Baada ya hapo kilichobaki kilimani ni waya, na waya hauwezi kuona kitoto nyuma ya jiwe ukaghairi. Mjomba alikuwapo mpaka mwisho, kidole kwenye kifyatulio, bado akiwa na nafasi ya kukataa.

Waya mmoja ulimnasa dume, wakamla. Wa pili ulimnasa jike. Huyo mpwa wangu alimfuata siku ya tatu, kwa sababu alikuwa na kibarua cha kulima shamba la mtu, na alipofika fisi alikuwa amekwisha kula nusu.